Nani anautaka mradi? Namna ya kupima maoni ya mtaa, kwa wenye nyumba na kwa wapangaji

Ripoti za miradi ya mitaani Dar es Salaam hupenda sentensi hii: "Wakazi wameupokea mradi kwa furaha." Kisha greda linafika, nusu ya mtaa inasimama barabarani, na kila ofisi inamtupia mpira mwenzake. Mara nyingi aliyeandika hakudanganya. Aliwauliza watu, wakasema ndiyo. Ila waliokuwepo siku hiyo walikuwa wenye nyumba za mstari wa pili, wale ambao lami itawapandishia thamani ya kiwanja bila kuwagusa ukuta.

Maoni kuhusu mfereji, barabara, soko au kituo cha daladala yanafuata mambo mawili kuliko elimu, umri au chama: mtu analala wapi ukilinganisha na mradi, na analala hapo kwa masharti gani. Mwongozo huu ni kwa mtendaji wa mtaa, kamati ya mradi, asasi ndogo au mwanafunzi anayetaka kuyapima mambo hayo kwa wiki mbili, na wadodosaji wanne wenye simu. Tumeuandika kwa kuangalia mitaa isiyopimwa ya Dar, ile ya nyumba za vyumba sita na korido katikati.

Kabla ya kuingia mtaani

Anza na barua. Utahitaji utambulisho kutoka kwa Mkurugenzi wa Manispaa au ofisi ya wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata, nyingine kwa mtendaji wa mtaa. Usianze na mwenyekiti peke yake hata kama mnafahamiana. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa (uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 2024), na nusu ya mtaa inaweza kuwa haikumpa kura. Ukionekana mtu wake, majibu yatapinda upande mmoja au mwingine.

Usiandike majina wala namba za simu za wanaojibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana, na hata isingekubana, mpangaji hatakuambia ukweli kuhusu baba mwenye nyumba akiona jina lake linaandikwa. Kila dodoso lipe namba, kama B-P-17: ukanda B, mpangaji, wa kumi na saba. Hiyo inatosha.

Ramani ndiyo kazi ya kwanza ya maana. Dar ina bahati: mitaa mingi imechorwa nyumba kwa nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, na mwaka 2022 nyumba zilibandikwa namba chini ya mpango wa anwani za makazi. Chapisha ramani ya mtaa kwenye karatasi ya A1, kisha zunguka nayo siku nzima na mtu anayejua mtaa, ukifuta nyumba zilizobomolewa na kuongeza zilizoota. Ramani ya mwaka juzi haijui banda la uani lililojengwa mwezi uliopita.

Kuchora kanda

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachora duara la mita 100 kuzunguka mradi, wanasema ndani ni "karibu" na nje ni "mbali". Umbali wa mita si lazima uwe umbali wa mradi.

Kwa barabara, chora kanda tatu. Ukanda A ni nyumba zinazoguswa na hifadhi ya barabara, hata kama ni kibaraza tu au ngazi. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5 za zamani. Kwa barabara za halmashauri, uliza upana kwa mhandisi, usikisie. Ukanda B ni nyumba ambazo hazitaguswa lakini zitasikia vumbi, magari na wateja, na kwa kawaida huishia mita 100 hadi 150. Ukanda C ni mtaa uliobaki.

Kwa mfereji, mita ziweke kando, fuata maji. Anayeishi mwinukoni na anayeishi bondeni wanaweza kuwa hatua 40 tu mmoja kutoka kwa mwingine na wasikubaliane kabisa. Wa juu anataka mfereji upesi ili maji yamwondokee. Wa chini anajua kwamba mfereji ukiishia kwake bila kalvati la kutosha, maji ya mtaa mzima yamehamishiwa sebuleni kwake. Kwa hiyo gawa hivi: wa juu ya mfereji, wa kandokando, na wa chini unapomalizikia. Usisahau mtaa wa jirani kama mfereji unamwaga huko. Wenzako wa kata hawatapenda, lakini malalamiko yatatoka huko huko. Kandokando ya mto kuna mstari mwingine wa kuzingatia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za kingo. Wanaoishi humo wanalijua hilo vizuri kuliko wewe, na watajibu swali la mfereji kana kwamba umewauliza habari ya kuhamishwa.

Kwa mradi wa mwendokasi au barabara yenye uzio katikati, pima mwendo wa mguu hadi kituo au kivuko kilicho karibu. Aliye mita 20 kutoka kwenye njia ya basi lakini mita 600 kutoka kituoni amepewa kelele na ukuta, basi lenyewe wamepewa wengine.

Kwa kitu ambacho watu wanakihitaji ila hawataki kukinusa, kama ghuba la taka au choo cha umma, picha inageuka. Uungaji mkono unapanda kadiri unavyosogea mbali, kisha unashuka tena kwa walio mbali mno wasiokitumia. Ukiwa na kanda mbili tu hutaliona hilo. Weka tatu au nne.

Kujua nani ni nani ndani ya nyumba

"Mwenye nyumba" na "mpangaji" ni maneno mawili, lakini mtaani kuna watu wa aina sita au saba:

- mwenye nyumba anayeishi humo humo na wapangaji wake;
- mwenye nyumba anayeishi kwingine, anayekuja kuchukua kodi au kutumiwa kwa simu;
- ndugu anayeishi kwenye nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa;
- msimamizi au mlinzi aliyewekwa kuishi humo;
- mpangaji wa chumba;
- mpangaji wa fremu ya biashara, ambaye mara nyingi halali hapo kabisa;
- anayeishi bure kwa shangazi, kaka au rafiki.

Ukiuliza "Hii nyumba ni yako?" utapata majibu ya kila namna. Mtoto wa marehemu atasema ndiyo. Mpangaji wa miaka kumi na miwili naye anaweza kusema ndiyo, kwa kuwa ni kwake. Uliza mambo yenye mkono wa kushika: "Kodi ya chumba hiki inapokelewa na nani?" Kisha: "Mara ya mwisho mlilipa ya miezi mingapi?" Majibu hayo mawili yanampanga mtu mahali pake bila kumdhalilisha.

Mwenye nyumba umuulize pia karatasi aliyonayo: hati, leseni ya makazi, hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, au maneno ya wazee tu. Usiombe kuiona. Ukiiomba umeshakuwa mtu wa ardhi, na habari itakutangulia nyumba kumi mbele. Swali hili lina kazi yake: mwenye hati anaupima mradi kwa bei ya kiwanja, na asiye na karatasi anaupima kwa hofu ya kuondolewa bila kitu. Wote ni wenye nyumba, kwenye jedwali la kawaida wangewekwa kapu moja.

Mwenye nyumba asiyeishi hapo usimwache. Ana sauti kubwa serikalini kuliko wapangaji wake sita wakijumlishwa. Mwachie mpangaji karatasi yenye namba yako ya simu ampelekee. Usimwombe mpangaji namba ya mwenye nyumba. Wakipiga theluthi moja, shukuru. Majibu yao yaweke fungu la peke yake, usiyachanganye na ya wakazi.

Kwa wasomaji wa Nairobi, jedwali hili libadilishwe. Kibera na Mukuru mwenye nyumba ni mwenye mabati. Ardhi si yake, mara nyingi haishi hapo, na wakazi karibu wote ni wapangaji. Mpango wa kuboresha Soweto Mashariki, sehemu ya Kibera, ambao baadhi ya wakazi wake walihamishiwa Lang'ata kwa muda mwaka 2009, ulipingwa mahakamani na wenye mabati. Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, kazi ya kuwasikiliza watu ilipangwa kupitia vikundi vidogo vya kaya, kwa kuwa ukienda kwa wenye vibanda peke yao hujauona mtaa.

Kuchagua wa kuwauliza

Usichague nyumba, chagua kaya. Nyumba ya vyumba sita yenye mwenye nyumba na wapangaji watano ni kaya sita. Ukihoji mtu mmoja kwa kila nyumba, mama mwenye nyumba aliyekaa barazani ndiye atakayejibu, na wapangaji watano wamepotea kwenye hesabu. Hilo ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, na halionekani kwenye ripoti.

Gawa mtaa kwenye mafungu sita: kanda tatu mara masharti mawili, mwenye nyumba na mpangaji. Anayeishi bure na msimamizi waingize kwa wapangaji, ila waandike alama. Wa nyumba ya urithi waingie kwa wenye nyumba, nao kwa alama. Lenga kaya 50 kwa kila fungu, yaani 300. Fungu lenye kaya chini ya 70, hoji zote unazoweza kuzipata.

Kwenye nyumba, hesabu milango ya vyumba inayokaliwa, andika namba kwenye vikaratasi, okota kimoja mbele ya watu. Ni jambo dogo, ila linawafundisha majirani kwamba hukumchagua mtu kwa sura. Ndani ya chumba, hoji mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu kufika. Usimhoji aliyefungua mlango kwa sababu tu amefungua.

Muda wa kwenda ni nusu ya sampuli yako. Ukipita saa nne asubuhi siku ya Jumanne unawakuta wenye nyumba, wastaafu na wachuuzi wa hapo hapo. Wapangaji wako Kariakoo, viwandani au barabarani na bodaboda. Tenga angalau nusu ya mahojiano kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, na siku nzima ya Jumapili. Chumba kilichofungwa kirudie mara tatu, kwa nyakati tofauti, kabla ya kukibadilisha. Mdodosaji mmoja anamaliza mahojiano 12 kwa siku akitumia dakika 20 kila moja, kwa hiyo wanne wanahitaji siku saba na moja ya marudio.

Mahojiano yafanyike mbali na korido. Mpangaji akiulizwa kuhusu kodi huku mwenye nyumba anapeta mchele hatua tatu kutoka hapo, atasema kila kitu ni shwari. Na mjumbe aliyekuleta, mshukuru mlangoni, aendelee na shughuli zake.

Maswali

Usiulize "Unaunga mkono maendeleo ya mtaa?" Hakuna atakayesema hapana. Mgeni mwenye shati safi na simu mkononi hupewa ndiyo ya heshima kabla hajamaliza sentensi.

Uliza kwa ngazi. Kwanza mradi kwa ujumla: "Barabara ya mtaa ikiwekwa lami, wewe na kaya yako mtaona ni jambo zuri, baya, au halina tofauti?" Kisha mahali: "Ikipita hapa, upande huu wa nyumba?" Kisha isogeze: "Na ikipita ule mtaa wa nyuma?" Tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili ndiyo kipimo cha mahali. Mtu anayesema zuri, baya, zuri amekueleza kila kitu kwa maneno matatu.

Baada ya hapo weka gharama, kwa kila mtu ile inayomhusu. Mwenye nyumba wa ukanda A: "Ikichukua mita mbili za kibaraza bila kugusa chumba?" "Ikichukua chumba kimoja?" Mpangaji: "Kodi ikipanda shilingi elfu kumi kwa mwezi baada ya lami, utabaki au utahama?" Chagua kiasi kinacholingana na kodi za hapo. Elfu kumi ni nyingi kwenye chumba cha elfu thelathini, kwenye chumba cha laki moja si kitu. Mpangaji wa fremu muulize kuhusu miezi ya ujenzi, si kuhusu lami yenyewe: "Mbele ya duka pakichimbwa miezi minne utafanyaje?"

Hapo utaona jambo ambalo wataalamu wa mipango huwa hawalitarajii. Mpangaji aliye karibu na mradi anaweza kuupinga kuliko mwenye nyumba. Si kwamba hapendi lami. Anapiga hesabu kwamba lami ni ya mwenye nyumba, na yeye atapewa notisi. Marekani wameliona pia: utafiti wa Michael Hankinson uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba katika miji yenye kodi kali, wapangaji nao hupinga majengo mapya ya karibu nao, jambo lililodhaniwa ni la wenye nyumba peke yao.

Malizia na swali la historia: "Mradi uliopita hapa uliwafanyia nini?" Ukiwa karibu na Bonde la Msimbazi, jina Mabwepande litatajwa bila wewe kulichokoza. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya watu wa mabondeni walihamishiwa huko, mbali na shughuli zao za mjini, na wapo waliorudi. Jibu la leo linabeba kumbukumbu hiyo. Liandike kwa maneno yake mwenyewe.

Fidia: mdomo uwe na breki

Mdodosaji akionekana na futi ya kupimia, kesho yake asubuhi kuna banda jipya na miche ya miembe imepandwa uani. Mwingine ataona X ya rangi ukutani kwake usiku wa manane hata kama hakuna aliyeichora. Futi zibaki ofisini, eneo lichukuliwe kwa simu, na kila mahojiano yaanze na sentensi hii: "Hatufanyi tathmini ya fidia, na jibu lako halitaongeza wala kupunguza malipo ya mtu."

Hata hivyo lazima wadodosaji wajue kanuni, maana wataulizwa. Kwa kifupi: kanuni za fidia za 2001 zinahesabu thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, posho ya malazi ambayo ni kodi ya soko kwa miezi 36, na faida halisi ya biashara iliyopotea, nayo kwa miezi 36. Mpangaji wa chumba aliyelipa kodi ya miezi sita jana ana kipengele gani hapo? Karibu hakuna. Mradi wenye fedha za Benki ya Dunia una masharti mapana zaidi, yanayowatambua wapangaji na hata wasio na haki ya kisheria juu ya ardhi, kwa msaada wa kuhama na kwa vitu walivyojenga. Kwa hiyo jua fedha za mradi zinatoka wapi kabla hujatunga swali la mpangaji. Ukimuuliza kuhusu msaada ambao mradi hautoi, umempa ahadi.

Kusoma majibu

Chukua mtaa wa kubuni wa kaya 2,000. Baada ya mahojiano, idadi ya kaya za kila fungu na asilimia inayounga mkono lami ni hivi. Ukanda A: wenye nyumba 60, asilimia 30, wapangaji 180, asilimia 40. Ukanda B: wenye nyumba 200, asilimia 90, wapangaji 560, asilimia 60. Ukanda C: wenye nyumba 380, asilimia 70, wapangaji 620, asilimia 75.

Ukijumlisha asilimia sita na kugawa kwa sita unapata 61. Ni kosa, kwa kuwa wenye nyumba 60 wamepewa uzito sawa na wapangaji 620. Zidisha kila asilimia kwa idadi ya kaya zake: 18, 72, 180, 336, 266 na 465, jumla 1,337. Gawa kwa 2,000: asilimia 67. Sasa fikiria mkutano wa mtaa wenye watu 120, wakiwemo wenye nyumba 80 wa ukanda B, 20 wa C, 10 wa A, na wapangaji 10 wa B. Kwa viwango hivyo hivyo, mikono inayoinuka ni kama 95, asilimia 79. Mtaa ni ule ule na swali ni lile lile, lakini namba ni tatu.

Ripoti yako itoe jedwali la mafungu yote sita, na 67 ije baadaye. Anayesoma 67 peke yake ataona njia nyeupe. Anayeona 30 na 40 za ukanda A anajua greda litasimama wapi.

Usiwe na pupa na tofauti ndogo. Kwa watu 50 kwenye fungu, asilimia inaweza kuyumba kama pointi 14 juu au chini. Mafungu mawili yakipishana chini ya pointi 20, sema yanakaribiana na uishie hapo. Ukilazimika kulinganisha kwa undani, ongeza watu kwenye mafungu hayo mawili hadi 100 kila moja.

Baada ya jedwali

Kila fungu lina dawa yake, na mkutano mmoja wa hadhara hauyatibu yote. Wenye nyumba wa ukanda A waitwe peke yao, na mhandisi awepo na mchoro. Mara nyingi kusogeza mstari mita moja upande wa pili kunaokoa vyumba kadhaa. Wapangaji wa A na B wanachotaka kujua ni tarehe. Kama wengi hulipa kodi ya miezi sita, tangazo la kuanza kazi litolewe mapema kuliko hiyo miezi sita, ili asiyetaka kubaki asilipe mzunguko mwingine. Mkutano wao uwe Jumapili jioni. Wenye fremu wanataka njia ya mbao ya kuvusha wateja na urefu wa kipande kinachochimbwa kwa mara moja. Hilo liingie kwenye masharti ya mkandarasi, maana ahadi ya mdomo huisha mkandarasi akibadilisha fomeni.

Jedwali libandikwe kwenye mbao za matangazo za serikali ya mtaa, likiwa na idadi ya waliohojiwa kwa kila fungu, bila namba za nyumba. Ukanda A ukiwa na watu wachache kiasi kwamba majirani wanaweza kukisia nani alisema nini, unganisha wenye nyumba na wapangaji wake kwenye nakala ya kubandika, na nakala kamili ibaki kwa kamati.

Mradi ukichelewa zaidi ya mwaka, rudia mafungu ya wapangaji. Wenye nyumba watakuwa wale wale, ila vyumbani utakuta sura mpya, na hao hujawauliza.